Mizani Iliyopima Ukungu

Namba kubwa kuliko zote tulizopata kuandika kule Ngara ilitoka saa kumi na mbili asubuhi, kuku hawajatoka bandani, na kitongoji kizima hakuna figa lililopata moto. Kisanduku cha kupimia hewa, kidogo kama redio ya mkulima, kilikuwa kimekesha kwenye nguzo ya baraza. Mkuu wa msafara wetu alikisoma, akakunja uso, akakisoma tena, kisha akaniita nimmulikie tochi.

"Hapa pana balaa," akasema. "Watu hawa wanavuta nini usiku?"

Nikatazama bondeni. Mto Ruvubu hauonekani. Migomba ya jirani, hatua thelathini tu kutoka tuliposimama, haionekani. Milima yote ya upande wa Burundi imemezwa na weupe.

"Ukungu, mzee," nikamwambia. "Huo ni ukungu."

Visanduku vya bei nafuu vya aina ile havina mizani ndani. Vinarusha mwali mdogo wa mwanga, hewa inapitishwa mbele yake, na chochote kinachoutawanya mwanga huo kinahesabiwa kuwa chembe. Baada ya hapo kikokotoo kinakisia uzito. Tone la maji linautawanya mwanga vizuri sana. Hata chembe halisi ya moshi, unyevu ukizidi, hunywa maji na kuvimba, ikahesabiwa kuwa nene kuliko ilivyo. Kisanduku chetu kilikuwa kimepima umande usiku kucha kwa uaminifu kabisa.

Tulicheka, tukafuta ile namba daftarini, na kuanzia siku hiyo tukawa tunasubiri jua likaushe ukungu ndipo tusome. Nimelitanguliza kosa hilo kwa sababu katika makosa yetu yote ndilo pekee tuliloligundua siku ileile.

Mimi sikuwa mtaalamu. Nilikuwa kijana aliyemaliza kidato cha sita, nangoja majibu ya mtihani, nikachukuliwa kwa kuwa nazungumza Kihangaza na naweza kupandisha mlima na betri ya gari kichwani bila kunung'unika. Waliotuajiri siwataji. Nia yao ilikuwa njema, na kisa hiki kinanihusu mimi kuliko wao.

Swali walilokuja nalo lilikuwa la haki. Ukifungua rejesta ya zahanati yoyote vijijini utakutana na kikohozi, nimonia za watoto, vifua vya wazee vinavyobana. Na hewa ya wilaya zile mbili, Ngara na Biharamulo, ina mengi ndani yake. Malori ya Rwanda na Burundi hayalali. Yanatoka Lusahunga yakielekea Rusumo na Kobero mchana na usiku, na kila bega la barabara ni vumbi jekundu. Kiangazi nyasi zinachomwa milimani na porini, majivu yanaangukia nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Jioni kila paa linafuka. Sasa, kati ya hayo, ni lipi linaloua mapafu zaidi? Ndilo tulilotumwa.

Kaya ya kwanza tuliyopangiwa ilikuwa ya bibi mmoja aliyeishi na mkwe wake na wajukuu watatu. Jiko lilikuwa kibanda cha udongo chenye paa la bati, mlango mmoja, na dirisha dogo upande wa barabara, dogo kiasi cha kupitisha kichwa cha mbuzi. Mkwe alipika na mtoto mgongoni, kwenye mbeleko. Maharage yalianza kuchemka saa tatu asubuhi na saa sita yalikuwa bado yanabishana na moto. Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akichambua mchicha, akikohoa kikohozi kile cha watu wazima kisicho na haraka, kinachokuja na kuondoka kama mgeni anayejua nyumba.

Mkuu wa msafara alinituma nimwulize moshi unamsumbua kiasi gani.

"Moshi upi?" bibi akauliza.

Nikadhani hakunisikia. Nikarudia.

"Nimekusikia, mjukuu wangu. Nakuuliza moshi upi."

Akainuka, akanishika mkono hadi kwenye rundo la kuni. Hili gogo, akasema, ni la mti uliozeeka ukakauka umesimama. Moshi wake unapanda juu, hauna ugomvi na mtu. Huu mkaratusi ni mbichi, mtoto ameukata jana. Unakaba koo na kutoa machozi. Mabua ya mahindi yanawaka upesi lakini moshi wake unakwaruza kifua. Halafu akanionyesha kandambili kuukuu iliyokatwa vipande, ya kuwashia moto siku za mvua. "Huu ndio mbaya. Hautoi machozi hata kidogo. Lakini kichwa kinaniuma mpaka jioni, na mtoto hanyonyi vizuri."

Nilitafsiri yote. Mkuu wa msafara alitikisa kichwa kwa heshima, akasubiri nimalize, akaniambia nimwulize wanapika sufuria ngapi kwa siku. Katika fomu palikuwa na mahali pa kuandika idadi ya sufuria. Mahali pa kuandika tabia ya moshi hapakuwapo.

Bibi alikuwa na sababu ya kuzijua kuni namna ile. Ukitaka kuielewa Ngara katika jambo la kuni, lazima urudi nyuma hadi mwisho wa Aprili 1994, pale watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa kama siku moja, na Benaco, mahali ambapo hapo kabla hapakuwa na mji wala soko, pakawa kambi ya wakimbizi kubwa kuliko zote duniani kwa wakati ule. Watu wale walipaswa kula, na chakula cha msaada kilikuwa mahindi na maharage, vitu visivyoiva kwa huruma. Kwa hesabu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, kambi za mkoa wa Kagera zilipojaa zilikuwa zikiteketeza zaidi ya tani 1,200 za kuni kila siku. Kilomita za mraba 570 za misitu ziliguswa, na kati ya hizo 167 zilikwanguliwa vibaya. Wakimbizi walihimizwa kuloweka maharage, kufunika sufuria, kupasua magogo, kujenga majiko ya udongo, na wengi walifanya hivyo. Lakini miti iliyokauka imesimama ndiyo iliyotangulia kwisha.

"Kabla ya Benaco tulikuwa tunachagua kuni," bibi alisema. "Siku hizi kuni ndizo zinazotuchagua."

Hilo nalo nililitafsiri. Halikuandikwa.

Kesho yake tukaleta pampu. Hii ilikuwa kazi yenye heshima zaidi kuliko kile kisanduku cha umande. Pampu inavuta hewa kupitia karatasi nyeupe ya kuchujia, mviringo mdogo kama kifuniko cha chupa. Karatasi inapimwa kwenye mizani ya maabara kabla, inapimwa tena baada, na tofauti inagawanywa kwa ujazo wa hewa iliyopita. Tukaweka moja jikoni kwa bibi na nyingine kwenye nguzo kando ya barabara kuu, zote mbili zifanye kazi saa 24.

Ya jikoni tuliitundika juu ya mlango, ili isimsumbue mpishi. Ilionekana ni adabu. Laiti mmoja wetu angekuwa amesoma kazi ya Majid Ezzati na Daniel Kammen, waliokaa na kaya za Laikipia, Kenya, katika shamba la Mpala, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2001! Walionyesha kwamba jiko halina hewa moja. Moshi hupanda na kushuka kwa mirindimo: moto unapokokwa, kuni inaposogezwa, sufuria inapoinuliwa. Na nyakati hizo hasa ndipo mpishi anapokuwa ameinama juu ya mafiga. Ukichukua wastani wa chumba cha kutwa nzima, umempima mtu ambaye hayupo. Aliyepo ni yule mwanamke aliyeinama, na kwenye mgongo wake yumo mtoto.

Usiku nilikuwa mimi wa zamu. Nililala kwenye mkeka barazani, na kazi yangu ilikuwa kubadilisha betri. Mlio wa pampu ya jikoni niliuzoea kama mlio wa mbu: mwembamba, wa sauti moja. Kwenye saa mbili usiku, chakula cha jioni kikiwa motoni na mkaratusi mbichi ukifuka, mlio ulibadilika. Ukawa mzito. Baadaye ukawa kama mtu anayekoroma, halafu kama mnong'ono. Nikaenda kutazama. Taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka. Niliitazama karatasi: nyeusi tititi, kama tako la sufuria.

Nikarudi kulala. Taa ilikuwa ya kijani, na nilikuwa nimeambiwa nitazame taa.

Kilichotokea ni jambo ambalo fundi yeyote wa baiskeli angelitambua kwa kusikiliza tu. Masizi yalikuwa yameziba vitundu vya karatasi na pampu ikashindwa kuvuta. Kuanzia saa mbili ile hadi asubuhi karibu hakuna hewa iliyopita. Lakini daftarini ujazo wa hewa uliandikwa kana kwamba pampu ilivuta sawasawa saa 24 zote. Uzito wa masizi ya saa chache ukagawanywa kwa hewa ya siku nzima, na jiko likatoka safi mara kadhaa kuliko lilivyokuwa. Ile ya barabarani ilivuta bila shida. Vumbi la lami iliyochakaa na udongo mwekundu ni chembe nene, zinakaa juu ya karatasi kama pumba, hazizibi kitu. Ikatoka nzito, nyekundu, ya kupendeza macho.

Tukazifunga karatasi zote kwenye visahani vya plastiki, tukazitia sandukuni, tukaondoka.

Njia ya kutoka Ngara kwenda Mwanza inapita Biharamulo, na huko tulisimama kwenye machimbo madogo ya dhahabu kupima vumbi la karasha. Sitakaa hapo sana, ingawa pangetosha kwa makala nyingine. Vijana wanasaga mawe mchana kutwa wamefunga fulana puani, na unga ule mweupe una silika ndani yake, inayokwaruza pafu mpaka libaki makovu na kulifungulia mlango kifua kikuu. Mwaka 2015 vilichapishwa vipimo vya wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tanzania: kwa waliokuwa wakitoboa mwamba chini ya ardhi, silika ilizidi kiwango kinachopendekezwa Marekani mara 337. Hatua chache kutoka kwenye karasha kijana mwingine alikuwa akichoma zebaki kwenye kikaango ili dhahabu ibaki. Mvuke wa zebaki si chembe. Karatasi yetu haikuukamata, mizani haikuuona, na kwenye taarifa mahali pale hapana neno juu yake. Mbele ya mizani, kijana yule alikuwa anavuta hewa safi.

Tulikula mchana Biharamulo mjini, si mbali na boma la Mjerumani. Sanduku la karatasi lilibaki kwenye buti, gari limeegeshwa juani. Wali na maharage, soda mbili, mazungumzo ya mpira. Kutoka hapo Mwanza, ambako sanduku lilikaa ofisini likisubiri vibali, halafu ndege, halafu jokofu la nchi ya mbali ambalo sijawahi kuliona. Kuanzia jikoni kwa bibi hadi mezani kwa mpimaji, wiki nyingi.

Majibu yalipokuja, barabara ilikuwa imeshinda.

Iliitishwa mikutano, na mmojawapo ulikuwa chini ya mwembe wa kitongoji kile kile. Mkuu wa msafara alisema kwa Kiswahili cha kitabu, mimi nikageuza kwa Kihangaza. Nakumbuka nilivyosimama. Nakumbuka nilivyoinua mkono kuelekea barabarani na kusema kwa sauti ya mtu aliyetumwa: "Adui wa vifua vyenu ni lile vumbi." Watu wakapiga makofi, maana barabara haina ndugu pale kijijini, ukiilaumu hakuna anayenuna. Mwenyekiti akashukuru. Ikapendekezwa miti ipandwe kando ya lami, na yaombwe matuta ili malori yapunguze mwendo. Miti ililiwa na mbuzi. Matuta yalikuja.

Sasa niseme yale niliyokuja kuyajua baadaye, nilipokwenda chuo na kuanza kusoma kwa aibu vitu ambavyo niliwahi kuvibeba kichwani.

Viwango vya hewa vya dunia nzima vimejengwa juu ya uzito. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linasema chembe laini, zile zisizozidi maikromita 2.5, ambazo unywele mmoja ni mnene kuzishinda mara 30 hivi, zisizidi maikrogramu 15 katika mita ya ujazo kwa siku, na 5 kwa wastani wa mwaka. Ni kiwango kizuri na kimeokoa watu. Ila mizani haiulizi chembe ni ya nini. Maikrogramu ya chumvi ya bahari na maikrogramu ya masizi ya kandambili kwake ni ndugu.

Ndiyo maana wapo waliotafuta kipimo cha sumu yenyewe. Mapafu yetu kwa ndani yana utando wa majimaji wenye vitamini C na kinga nyinginezo, na chembe nyingi zinaumiza kwa kuzila kinga hizo, kama kutu inavyokula bati. Basi mtu anachukua chembe, anazitia katika kimiminika chenye vitamini C, na kuangalia inaliwa kwa kasi gani. Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha kazi iliyoongozwa na watafiti wa Taasisi ya Paul Scherrer ya Uswisi, waliofanya hivyo kwa hewa ya Ulaya. Sehemu kubwa ya uzito ilitokana na vumbi la ardhi na chumvichumvi zinazojiumba angani. Ule uwezo wa kuunguza ulitoka kwingine: kwenye moshi wa kuni za kupashia nyumba joto, na kwenye metali zinazopukutika breki za magari zinaposagika.

Nilisoma mstari huo wa breki mara mbili. Mteremko wa kushukia Rusumo unaujua kila dereva wa lori. Breki zinalia kuanzia juu. Na sisi, kwa ushauri wetu, tulikuwa tumeomba matuta. Kila lori linalofika pale kitongojini sasa linakanyaga breki, mbele ya nyumba za watu, mchana na usiku. Sijui nicheke au nini.

Kubwa zaidi lilitoka mwaka 2025, katika jarida la Science Advances, kutoka Chuo Kikuu cha Basel. Watafiti waliitafuta njia ya kupima viini vikali vya chembe papo hapo, hewa inapovutwa, badala ya kungoja karatasi ifike maabara. Walikuta kwamba asilimia 60 hadi 99 ya viini hivyo hutoweka ndani ya dakika au saa chache. Vimeshamenyuka, vimekwisha. Ndani ya pafu vinamalizia ukali wao kwenye nyama ya mtu. Juu ya karatasi vinamalizia ukali wao bure. Anayekuja kupima baada ya wiki anapima majivu ya kilichokuwa moto.

Nilikumbuka buti la gari, jua la Biharamulo, na soda mbili.

Nisije nikaeleweka kwamba laiti tungepima vizuri basi watoto wangepona. Mambo hayana unyoofu huo. Malawi waligawa majiko bora ya kuni kwa maelfu ya kaya huko Chikwawa na Karonga, wakawafuatilia watoto zaidi ya 10,000. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2016, na nimonia haikupungua hata kidogo. Jirani zetu wa Kayonza, Rwanda, safari fupi tu kutoka daraja la Rusumo, walikuwa katika utafiti mkubwa wa gesi uliofanywa katika nchi nne: wajawazito wapatao 3,200 kwa jumla, nusu yao wakapewa jiko la gesi na mitungi bila kulipa. Chembe walizovuta zilishuka hadi kama theluthi moja ya zile za wenzao, na wenyewe ndio waliovalishwa vipimo, si mlango wa jiko. Hata hivyo uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa kiasi cha maana, wala nimonia kali. Zipo sababu nyingi zinazotajwa. Mojawapo ilikuwa imekwisha kuonekana Laikipia: madhara hupanda haraka moshi unapokuwa kidogo, na ukishazidi maikrogramu 1,000 au 2,000 yanaanza kupanda polepole, kwa hiyo kumtoa mtu kwenye moshi mzito sana hadi moshi mzito tu si kumtoa. Mimi naongeza langu, la mbeba betri: anayepima uzito atafurahi uzito ukishuka, hata kama kile kilichoshuka si kile kilichokuwa kinauma.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, shabaha ikiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mitungi ya gesi ikaanza kuonekana hata mahali ambapo zamani ilionekana kwenye kalenda tu. Nikapata nafasi ya kurudi Ngara na kikundi kingine, safari hii nikiwa na cheo kidogo na bila betri kichwani. Tulikuwa na pampu ndogo ya kuvaa, inakaa kwenye fulana karibu na kola, inavuta hewa ile ile anayoivuta mpishi. Nikaomba tuanzie kwa bibi.

Alikuwa amepungua, kigoda kimemzidi. Kikohozi kilikuwa bado ni kile kile, ila sasa kilikuwa na haraka. Alinitambua kabla sijasalimia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuwa mtu mzima. Bado unapima hewa?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha fulana. Nikamwambia tungependa mkwe wake aivae kutwa, tujue moshi wa jikoni una nini. Mkwe alikuwa tayari, alishanyoosha mkono. Bibi akamzuia.

"Moshi wa jikoni?" akasema. "Wewe ndiye uliyesimama chini ya mwembe. Ulisema ni barabara. Ulinyoosha na mkono."

Sikuwa na la kusema.

"Mimi nilikuambia habari za moshi, ukanisikia, ukaenda kuupima. Uliporudi ukasema ni vumbi. Nikasema, basi watu wa mashine wanajua, mimi nimesoma wapi? Nikafanya mlivyosema." Akanyanyua kidole. "Nenda kaangalie."

Nikaingia jikoni. Macho yalichukua muda kuzoea, maana palikuwa na giza kuliko nilivyopakumbuka, na moshi ulikuwa umening'inia usawa wa kifua, hautoki. Upande wa barabara, pale palipokuwa na dirisha la kupitisha kichwa cha mbuzi, palikuwa na udongo. Ulikuwa umesindiliwa vizuri, ukalainishwa kwa kiganja, na alama za vidole bado zinaonekana pembeni. Rangi yake ilikuwa imeshakaribia kufanana na ya ukuta.

Nyuma yangu mkwe alikuwa amekwisha kuivaa fulana. Nadhani bibi alikuwa amempa ishara. Taa ya pampu ilikuwa ya kijani. Bibi alisimama mlangoni, ameshika mwimo.

"Safari hii," akauliza, "mmeijua vizuri hiyo mashine?"

Niliinama nikatega sikio kwenye pampu kabla ya kumjibu.